Malalamiko Kuhusu Mfuko wa Mbolea Usio na Mwenyewe

Osward Nombo,
Nyuma ya kilima cha hospitali,
Litembo, Mbinga.
17 Januari 2010

Kwa Bibi Shamba wa Kata,

Ndugu Dorah,

Marahaba. Nimeanza na marahaba kwa sababu najua hukosi kunipa shikamoo yangu hata ukiwa umenikasirikia, na barua haina njia nyingine ya kukuitikia. Hali yangu ni nzuri kiasi. Hali ya mahindi yangu ndiyo iliyonifanya niazime kalamu.

YAH: MBOLEA YA KUKUZIA ILIYOLETWA KWA RUZUKU BILA KUTAJWA NANI AIWEKE

Mimi ni mkulima. Ndivyo ninavyojibu popote ninapoulizwa kazi yangu, na hadi sasa hakuna aliyedai ushahidi. Tena si mtu wa kulalamika kwa asili. Kulalamika nimejifunza polepole, kadiri siasa za kilimo zilivyobadilika. Enzi za ushirika, chama kilituletea kila kitu hadi mlangoni, na kahawa ikiharibika tulikilaumu chama. Likaja soko huria, chama kikalala, ruzuku ikaondolewa, wanunuzi binafsi wakapanda milimani na mizani zao, tukawalaumu wanunuzi. Mbolea ikapanda bei hadi ikawa kitu cha kutazama dukani, tukailaumu bei. Katika miaka yote hiyo sikukosa wa kumlaumu hata msimu mmoja, na bila kujisifu, nilikuwa miongoni mwa walalamikaji wanaotegemewa kijijini.

Sasa mmerudisha ruzuku kwa vocha. Mbolea imefika kwa nusu ya bei, imefika mapema, imefika nzima, mifuko haijatoboka. Ndugu Dorah, mtu kama mimi mlitaka aishije? Msimu ukinishinda mwaka huu, nitasimama mbele ya watu niseme nini?

Naomba uyasome malalamiko yangu kwa mpangilio huu.

1. Mbolea hii imekuja bila mila. Wewe kwenu ni Singida, kwa hiyo nikueleze. Sisi huku milimani tunalima ngolo. Ikifika Machi mwanamume anafyeka majani na kuyalaza chini kwa mistari inayokatana, mpaka mteremko mzima unakuwa miraba mitupu. Kisha mwanamke anakuja na jembe, anachimba katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa udongo anaoutoa. Linabaki shimo katikati na matuta pande zote nne. Mvua ikipiga, maji yanatua shimoni badala ya kulibeba shamba na kulipeleka ziwani, na mazao yanasimama juu ya matuta, maharage kwanza, halafu mahindi. Wazee waliigawa kazi hii vizuri mno. Kazi ya fyekeo mtu anaifanya amesimama, kazi ya jembe anaifanya ameinama. Aliyesimama ni mimi. Nimechunguza kwa muda mrefu na sijaona mahali ambapo mila inamtaka mwanamume wa ukoo wetu ainame shambani, isipokuwa kama ameangusha kiberiti.

Mbolea ya kupandia haikuleta matata, maana inaingia udongoni pamoja na mbegu, na mbegu iko mikononi mwa mke wangu, Hilda. Aliiweka yeye, nami nilimsifu. Hii ya kukuzia ndiyo imetuvuruga. Inakuja mahindi yakiwa yameshasimama. Si kufyeka, si kuchimba, si kupanda. Siku ile ulipokuja kutufundisha, ulichota punje kwa kifuniko cha soda, ukainama, ukaziweka kando ya shina na kufukia, kisha ukatuuliza nani ataanza. Wanaume tuliwatazama wanawake, na wanawake wakatazama mlima. Ukanisogelea mimi, kwa heshima zote, ukaniamkia, ukaniuliza mikono yangu ina tatizo gani. Watu walicheka. Nami nilicheka, ili nisionekane nimeelewa.

2. Suala hili nimelipitisha kwanza kwenye vyombo vyake. Usidhani nimerukia ofisini kwako. Nililipeleka kwenye sengu yetu, yaani pale kwa Baba Mkubwa Placidi tunapokutana jioni wanaume wa ukoo, kila mmoja na chakula kilichotoka nyumbani kwake, tukala pamoja na kuamua mambo. Sengu nyingi zimekufa siku hizi. Yetu inaendelea kwa sababu Baba Mkubwa hapendi kula peke yake.

Ndugu zangu waliijadili mbolea kwa uchungu. Mmoja alisema ni nyeupe kama chumvi, na chumvi ni mambo ya jikoni, kwa hiyo ni kazi ya wanawake. Mwingine akasema imekuja kwenye mfuko kama saruji, na saruji ni mambo ya mafundi, kwa hiyo waitwe mafundi. Chakula kilipokwisha, Baba Mkubwa aliamua kwamba wazee wetu hawakuacha agizo lolote juu ya mbolea, hivyo na sisi tuiache kama walivyoiacha. Uamuzi ule ulinifurahisha sana. Nilikwenda nyumbani nikamsomea Hilda kama hakimu anayesoma hukumu.

Hilda hakubishana. Alikuwa anachambua maharage. Alisema, "Mashimo nimechimba mimi, mbegu nimepanda mimi, palizi nimefanya mimi. Mfuko huo ni wako." Asubuhi yake akafunga nguo kwenye kitenge, akashuka kwao Liuli kando ya ziwa, akaacha ujumbe kwamba atarudi siku atakayosikia mahindi yetu yamekuwa ya kijani.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe, ndugu Dorah. Mengine yote katika barua hii ni maelezo tu. Nataka mke wangu arudi. Ila nataka arudi bila mimi kuinama.

3. Mfuko wenyewe umekuwa mtu wa nyumbani. Niliuweka sebuleni kwa muda, wakati nasubiri ufafanuzi, na kwa kuwa kiti kizuri kina mguu mbovu, nikaanza kuukalia. Jioni nawasha redio na kusikiliza kipindi cha wakulima nikiwa nimekalia pembejeo yenyewe. Wanasema Kilimo Kwanza, nami naitikia palepale nilipo: kilimo kwanza, mimi nitafuata. Lakini ukungu wa Litembo unaujua. Unyevu umeingia, mbolea imeganda kama jiwe, tena imeganda kwa umbo langu. Wageni wanaokalia mfuko huo wanasema hawakai vizuri. Mimi nakaa vizuri sana. Nauliza kama katika mpango huu wa ruzuku kuna kifungu kinachoruhusu mbolea kubadilishiwa matumizi.

4. Isisemwe kwamba sikujaribu. Kabla mfuko haujaganda nilichota ndoo moja, nikaenda nayo shamba la juu, nikatafuta njia ya kuiweka nikiwa nimesimama. Njia ipo. Unasimama kwenye tuta na kurusha konzi moja moja katikati ya shimo, maana shimo ni pana na halikwepi. Niliwaza hivi: maji yote ya mvua yanakwenda shimoni, basi mahindi yakisikia kiu yatashusha mizizi kunywa, na yatakutana na mbolea hukohuko. Niliona nimewazidi akili wataalamu wote, ukiwemo wewe.

Matokeo yake ni kwamba magugu ya shimoni yamenawiri kuliko kitu chochote kilichowahi kupandwa na ukoo wetu. Ni mapana, ni meusi kwa ukijani, yanang'aa. Juu yake, kwenye matuta, mahindi yamesimama ya njano kama watu waliotoka kuugua, yanayatazama. Mpita njia mmoja aliniuliza ile mbegu ya shimoni inaitwaje na inapatikana wapi. Sikuwa na nguvu ya kumweleza, nikamwambia bado iko kwenye majaribio.

5. Kuna mtu anaitwa Florian. Ni jirani yangu, mgane, shamba lake limepakana na langu. Florian amechukua vocha yake, amepata mfuko wake, na ameiweka mbolea yeye mwenyewe, mchana kweupe, ameinama, huku akiwasalimia watu wa njiani kutokea hukohuko chini. Nilimuuliza kwa upole alikopata mila hiyo. Akajibu kwamba alikuwa na njaa.

Sasa mahindi ya Florian ni ya kijani hadi yanaumiza macho, nayo yako kando ya njia kuu ambako bodaboda zote zinapita. Mbaya zaidi, shemeji yangu Sebastian, kaka yake Hilda, hupandisha usipa, dagaa wa ziwani, kutoka Liuli na kurudi na maharage yetu. Kila akipita huzima pikipiki, husimama kwenye mpaka, hutazama kushoto, hutazama kulia, kisha huendelea na safari. Jioni ile ile mama mkwe anakuwa na taarifa kamili. Naomba ofisi yako imtake Florian astawishe kwa kiasi, au ahamishie shamba upande wa pili wa kilima ambako wakwe zangu hawapiti.

6. Sengu inanitoka. Nimekwambia kwamba kila mwanamume hufika na chakula cha nyumbani kwake. Tangu Hilda aondoke, ninafika na cha kwangu nilichopika mwenyewe. Mara ya kwanza ndugu zangu walionja kwa heshima. Mara ya pili sahani yangu ilizungushwa duara zima ikarudi kwangu ilivyotoka. Ugali wangu una sehemu mbili, iliyoungua na ambayo haijaiva, na zote zimo katika bonge moja. Juzi Baba Mkubwa Placidi, yule yule aliyeamua mbolea iachwe, alimega tonge, akakaa nalo mdomoni kidogo, akaliweka pembeni taratibu, akaniuliza mama Dorothy anarudi lini. Dorothy ni binti yetu mkubwa, ameolewa Songea. Nilipompigia simu kumweleza alivyotenda mama yake, aliniuliza kama nina swali lingine.

Nikafikiri kwamba walau mzee atajiona ana sehemu katika hili. Nilimkumbusha uamuzi wake. Akasema uamuzi ule ulihusu mbolea, haukuhusu kula.

7. Mbuzi wa Florian wamegundua magugu yangu. Hili nalitaja tu kwa ukamilifu.

Kutokana na hayo, nina maombi machache, na nimejitahidi yasiwe mazito kwa Serikali.

Kwanza, itolewe tafsiri rasmi, yenye muhuri, kwamba kuweka mbolea ya kukuzia si kazi ya mwanamume wa milimani. Sijali sana ni ya nani. Ikiandikwa kwamba ni ya wanawake nitaipokea, ikiandikwa kwamba ni ya watumishi wa umma nitaipokea kwa furaha zaidi, maana ninyi mna semina na mna viatu vya mvua. Tafsiri hiyo inakiliwe kwa mama mkwe wangu, Bibi Luisa, Liuli, karibu na misheni. Yeye ni Mwanglikana na mimi ni Mkatoliki, kwa hiyo kauli yangu peke yake haimtoshi, lakini muhuri wa Serikali anauheshimu.

Pili, kama tafsiri itachelewa, ruzuku ikamilishwe. Serikali imelipa nusu ya mbolea. Hiyo ni nusu ya safari. Mfuko umefikishwa hadi sebuleni kwangu, na kutoka sebuleni hadi kwenye shina ndiko kwenye gharama yote. Naomba vocha ya mtu wa kuinama. Kama bajeti hairuhusu mtu mzima, aje walau nusu siku, na ile nusu nyingine nitachangia mimi kwa kumwelekeza.

Tatu, na hili nimelifikiria sana usiku wa jana wakati nakwangua sufuria, tujiulize lengo la mbolea ni nini. Lengo langu mimi ni ukijani. Hilda alisema atarudi mahindi yakiwa ya kijani. Hakusema yakiwa na mbolea. Kama ipo rangi isiyodhuru, ya kupuliziwa kwa bomba lile la dawa ya kahawa, mtu akiwa amesimama wima, naomba ipunguzwe bei na iletwe. Nahitaji kiasi cha kutosha upande unaoonekana kutoka njiani. Upande wa ndani hakuna anayeutazama.

Najua utasema kwamba rangi haizai. Ni kweli, na mimi mwenyewe nimeona ugumu huo. Mahindi haya ndiyo chakula chetu cha mwaka mzima, na yakichanua bila kupata kitu, hata mbolea ya bure haitayasaidia tena. Ulitufundisha hivyo na nilisikia, ingawa nilikuwa nimekaa nyuma. Lakini mimi nashughulikia matatizo kwa zamu, na lililo zamu sasa ni mke. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Naongea na redio, na redio haisemi kwamba nimekosea, jambo ambalo nilidhani nitalifurahia.

Nisikuchoshe. Nisalimie wenzako wote pale kata, mtendaji na familia yake, mama anayewapikia chai, na yule kijana wa stoo aliyeniwekea mfuko begani bila kuniuliza kama nitaubeba. Ukiwa na ziara ya Mbaha au Liuli, pita kwa Bibi Luisa umsalimie, na ukimwona Hilda usimwambie chochote kuhusu ugali.

Wako katika ujenzi wa taifa, kwa upande wa kukaa,

Osward Nombo,
Mkulima.

N.B. Ndugu Dorah, barua hii haikuondoka siku niliyoiandika. Pikipiki ya kuipeleka ilikwama kwenye tope, barua ikabaki hapa wiki kadhaa, na mimi kwa kukosa la kufanya nikaenda shambani kuchuma jani moja la njano nikuambatishie kama kielelezo.

Nilipitia chini, upande wa kijito, ambako kwa kawaida sifiki, kwa sababu juu alikuwepo Florian na sikutaka kusalimiwa. Nikakuta mahindi ya huko chini ni ya kijani. Niliinama kutazama. Kila shina lina samadi ya nguruwe, imewekwa kando na kufukiwa, kama ulivyotufundisha. Hilda aliibeba kichwani kutoka bandani kabla hajaondoka, nami nilikuwa nyumbani muda wote huo na sikuona, au niliona nikadhani anafanya usafi. Imekwenda mstari kwa mstari hadi katikati ya shamba, ikakoma. Kuanzia hapo kwenda juu hakugusa. Kumbe hakuniachia shamba, aliniachia nusu. Nilikaa kwenye tuta nikatafuta la kulalamikia, sikulipata. Niliona aibu, na nilimkumbuka mke wangu, vyote kwa pamoja.

Basi mfuko nimeuponda kwa mchi wa kinu, na mbolea nimeiweka, yote, kwa kifuniko cha soda. Nilikuwa sijui kwamba kila shimo lina pande nne na kila upande una mashina yake. Kwa miaka yote hii nilikuwa nayaona kutoka juu. Florian alipita akanisalimia tu. Hakucheka, na hilo lilinisumbua zaidi kuliko kama angecheka.

Kwa hiyo maombi yangu yote matatu nayaondoa, na badala yake naomba moja. Toa amri, yenye muhuri, kwamba kuweka mbolea ni kazi ya mwanamume, na tarehe yake irudishwe nyuma kidogo, ili wakiniuliza kwenye sengu niseme nimetii Serikali. Ikishindikana usijisumbue, nitawaambia ukweli baada ya kula.

Mahindi ya juu yameanza kugeuka kijani. Sebastian alipita juzi na usipa wake, akatazama kushoto, akatazama kulia, na kwa mara ya kwanza akapiga honi. Jana Hilda alipiga simu. Alisema atapanda na gari la Alhamisi. Akaniuliza nani aliyeweka mbolea, nikasema ni mimi. Akaniuliza kama mgongo unauma. Nikamwambia unauma. Akasema wa kwake pia, tangu Machi.